Jani limejikunja, mtoto ana homa: tafuta mlango wa kirusi kabla ya kutafuta dawa

Duka la pembejeo na duka la dawa mara nyingi yanatazamana barabara moja, iwe Misungwi, Sengerema au Nansio, mkoani Mwanza. Upande huu mkulima ananunua dawa ya ukungu akanyunyizie mihogo iliyojikunja majani. Upande ule mzazi ananunua amoksilini, ambayo ni antibayotiki, kwa mafua ya mtoto. Wote wawili wanapoteza hela kwa sababu ile ile: ugonjwa ni wa virusi, na walichonunua hakigusi virusi.

Dawa ya ukungu inaua kuvu. Antibayotiki inaua bakteria kwa kubomoa ukuta wake au kusimamisha viwanda vyake vya ndani. Kirusi hakina ukuta wala kiwanda. Ni kipande cha vinasaba kilichofungwa ndani ya protini, kinaingia kwenye seli na kuitumikisha seli hiyo hiyo izae virusi vingine. Kwa binadamu zipo dawa za virusi vichache, ARV za virusi vya UKIMWI zikiwa ndizo zinazojulikana zaidi, na zipo chanjo. Mmea hauna damu ya kukumbuka ugonjwa, kwa hiyo hauchanjwi, na shina likishaambukizwa shambani hakuna cha kulinyunyizia likapona.

Kinachobaki ni kujua kirusi kimepita mlango gani. Kirusi cha mmea hakiwezi kupenya ukuta mgumu wa seli kwa nguvu zake. Ama kinapelekwa na mdomo wa mdudu, ama kinakuja shambani tayari kimo ndani ya pingili, marando au mbegu. Cha binadamu hupita kwa pumzi, kinywa, damu, kujamiiana au jeraha. Milango hii haichanganyiki. Virusi vya mihogo haviambukizi watu, na kisamvu kilichochumwa kwenye shina lenye batobato, ugonjwa wa virusi unaokunja majani ya mihogo, hakimpi mlaji ugonjwa wa virusi.

Mihogo: majani yamejikunja na yana mabaka ya manjano

Dhana ya kwanza ni batobato, lakini usiamue kwa kutazama ukiwa umesimama. Chuma jani changa lililokwisha kufunguka, ulitandaze kiganjani. Jani la batobato halina ulinganifu: kidole kimoja cha jani ni kirefu, cha jirani yake ni kifupi na kimepinda, mabaka ya kijani na manjano yamekaa ovyo, upande mmoja mengi, mwingine machache. Huo ukosefu wa ulinganifu ndio alama ya kutegemea kuliko rangi yenyewe.

Udongo uliopungukiwa zinki nao hutoa manjano, ila manjano yake hukaa kati ya mishipa na hulingana kushoto na kulia. Naitrojeni ikipungua, majani ya chini ndiyo hupauka kwanza, na hupauka sawasawa bila kukunjana. Utitiri wa kijani huacha vidoadoa vidogo kama vilivyochomwa kwa sindano, majani ya juu yanakuwa membamba, na hali huwa mbaya kiangazi. Mvua zikikolea, ncha huchipua majani mazuri. Kidung'ata hufanya ncha ya shina isongamane kama kabichi, na ukigeuza jani utaona unga mweupe. Batobato halisafishwi na mvua. Kama shina limeugua mwezi Septemba na mwezi Desemba majani mapya bado yamejikunja, hilo ni batobato.

Sasa tafuta mlango, na hapa kuna kipimo kizuri kisichohitaji maabara. Nenda shambani mihogo ikiwa na mwezi mmoja hadi mitatu, kabla majani ya chini hayajapukutika. Tembea kutoka kona hadi kona, kagua mashina 30, na kila penye ugonjwa tazama jani la chini kabisa. Kirusi kilichokuja na pingili huonekana tangu jani la kwanza lililochipua. Kilicholetwa na inzi weupe, wadudu wadogo wanaonyonya majani, huacha majani ya chini yakiwa safi, na ugonjwa huanzia katikati kwenda juu.

Matokeo mawili hayo yanataka hatua mbili tofauti. Kama wagonjwa wengi wameanzia chini, ulipanda ugonjwa, na mwakani badili chanzo cha mbegu hata kama jirani yako ni ndugu yako na anakupa bure. Kama wameanzia juu, mbegu yako ilikuwa nzuri lakini kuna shamba lenye ugonjwa karibu. Hapo unahitaji aina inayostahimili, au umbali. Weka shamba la mbegu angalau mita 100 kutoka mihogo mingine.

Watu huuliza kwa nini wasinyunyizie tu inzi weupe wakafa. Mdudu huyu anahitaji kunyonya shina gonjwa kwa takriban saa 3 ili abebe kirusi cha batobato, kisha zipite kama saa 8 ndipo aweze kuambukiza. Baada ya hapo dakika 10 za kunyonya shina zima zinatosha, naye huendelea kuwa hatari kwa siku kadhaa. Anayetua shambani mwako leo amekwisha kupitia hatua mbili za kwanza kwa jirani. Dawa itamuua, lakini ataambukiza kabla ya kufa, na kesho upepo utaleta wengine. Juu ya hayo dawa inaua pia wadudu wanaomla. Kwa mihogo ya chakula hatushauri kunyunyizia.

Kung'oa kunasaidia pale tu ugonjwa ungali mdogo. Ukikuta mashina yasiyozidi 3 kati ya 30, yang'oe yote ndani ya miezi mitatu ya kwanza, yaache yakauke nje ya shamba, na rudia ukaguzi kila baada ya wiki mbili. Ukikuta 15 au zaidi, usijichoshe: lea shamba hilo kama chakula, vuna mapema, na usichukue hata pingili moja kwa ajili ya msimu ujao.

Mihogo: majani yanapendeza, ila mizizi ina kahawia ndani

Huu ndio ugonjwa unaoumiza zaidi, kwa sababu unajificha mpaka siku ya kuvuna. Ni michirizi ya kahawia. Ulielezwa kwa mara ya kwanza katika kituo cha Amani, Usambara, mwaka 1936, na kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa ugonjwa wa pwani usiopanda juu ya mita 1,000. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134. Kuanzia mwaka 2004 ukaonekana Uganda, kisha ukaenea kuzunguka ziwa. Ndiyo maana wazee wengi wa Kanda ya Ziwa wanalitambua batobato kwa mbali lakini huu hawakukua nao, na wengi bado husema udongo umechoka au mihogo imekaa sana.

Chukua mzizi, uoshe, uukate kwa kisu vipande vya duara, usipungue mikato mitano kutoka shingoni hadi mkiani. Mkato mmoja haukwambii kitu, kwa sababu doa linaweza kuwa sehemu moja tu. Kwenye nyama nyeupe utaona madoa ya kahawia yanayoelekea njano, makavu, magumu kama gome. Ukilibonyeza kwa ukucha haliingii na halitoi maji. Wakati mwingine mzizi kwa nje umebanwa kiunoni kana kwamba ulifungwa kamba ungali mchanga. Kuoza kwa kawaida, kule kunakoletwa na maji kutuama, ni tofauti: kunalainika, kunatoa maji na kunanuka. Kama mzizi ulivunwa juzi na una mistari ya bluu au nyeusi kwenye vena, huko ni kuharibika baada ya kuvuna, si virusi.

Ukishajua hivyo, rudi kwenye majani. Tazama yale yaliyokomaa, ya chini na ya katikati, si ncha. Manjano yake hufuata mishipa midogo kama unyoya uliotandazwa, na jani halikunjamani hata kidogo, jambo linalolitenga na batobato. Kwenye sehemu ya shina iliyo bado kijani tafuta vimichirizi vya kahawia vya urefu wa kucha. Kuna aina zinazoonyesha majani tu na mizizi ikabaki mizuri. Nyingine hufanya kinyume. Kwa hiyo jani safi halikupi kibali cha kukata mbegu.

Mlango wa ugonjwa huu umelala zaidi upande wa mbegu. Inzi weupe hubeba virusi vyake kwa muda mfupi tu, siku moja au mbili, hivyo hawavipeleki mbali. Safari ndefu hufanywa na binadamu: mzigo wa mashina juu ya bodaboda, au kwenye mtumbwi kwenda visiwani Ukerewe. Furushi moja linatosha kuupeleka ugonjwa mahali ambapo inzi weupe wasingeufikisha.

Ukiwa nao shambani tayari, usingoje mwaka upite. Madoa huongezeka kadiri mzizi unavyokaa ardhini, kwa hiyo anza kuvuna miezi 7 hadi 9. Sehemu yenye kahawia ikatwe itupwe. Ni chungu na inatia unga rangi, ila kilichobaki kinalika.

Uvunaji huu wa mapema una hatari yake, na tunaomba uisome kwa makini. Mwenye mihogo michungu anayeona inaharibika ardhini hushawishika kuifupisha kazi ya udaga, yaani kuvundika mihogo na kuikausha. Usifupishe. Loweka au vundika siku zote zinazohitajika, siku 3 hadi 4, mpaka ilainike kabisa, kisha anika ikauke vizuri. Mwaka 1985, wakati wa ukame, watu wa Tarime walipatwa na konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu ghafla na kuacha ulemavu wa kudumu. Konzo haitokani na virusi. Inatokana na sianidi ya mihogo michungu isiyoandaliwa vya kutosha kwa watu wanaokula chakula chenye protini kidogo. Mtoto aliyelala mzima akaamka miguu imekakamaa apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna magonjwa mengine, polio ikiwemo, yanayohitaji kutofautishwa nayo.

Kukata mbegu ya ekari moja bila kukata na ugonjwa

Kwa nafasi ya mita 1 kwa mita 1 ekari inataka pingili 4,000. Kila pingili iwe na sentimita 25 na macho 5 hadi 7, maana yake unahitaji mita 1,000 za shina zuri, baada ya kutoa ncha changa na sehemu ngumu ya chini. Usijipunje hapo ukaja kuziba pengo kwa mashina ya kuokota.

Chagua wakati mihogo ina miezi mitatu hadi sita na majani bado mengi: funga kitambaa au kamba kwenye mashina yasiyo na dalili yoyote. Siku ya kuvuna, ng'oa yale yaliyofungwa tu, kata mizizi yake mikato mitano mitano, na penye kahawia hata doa moja, shina lake liende kuwa kuni. Yaliyofaulu mara mbili ndiyo mbegu. Kazi hii ni ya siku nzima na inachosha mgongo, ila hakuna nyingine badala yake.

Njia iliyo bora zaidi ni kununua vipando vilivyothibitishwa na TOSCI, taasisi ya serikali ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ambayo hukagua mashamba ya wazalishaji wa mbegu za mihogo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Ukiriguru, palepale Misungwi, ndicho kinachoshughulika na mihogo ya kanda hii. Uliza huko aina inayostahimili magonjwa yote mawili, na utaje yote mawili kwa majina. Aina inayovumilia batobato si lazima ivumilie michirizi ya kahawia, na wengi wamejikwaa hapo. Kwa mwenye simu janja, programu ya Nuru inasoma jani kwa kamera bila intaneti na inasema Kiswahili. Inasaidia, mradi ukague majani kadhaa na usisahau kwamba haioni mzizi.

Viazi vitamu: marando yamedumaa, kila mwaka viazi vinapungua

Usukumani, viazi ndio michembe na matobolwa, yaani viazi vilivyokaushwa, ya miezi ya njaa, kwa hiyo hasara hii huonekana jikoni baadaye sana. Majani yamekuwa madogo, membamba kama mkanda, yamekunjamana, mishipa imepauka, na mmea mzima umejikunyata chini.

Hapa kuna virusi viwili vinavyofanya kazi pamoja. Kimoja huletwa na vidukari, na kikiwa peke yake mmea huweza kuonekana mzima kabisa. Cha pili huletwa na inzi weupe. Hicho kikiingia, kinaivunja kinga ya mmea na kile cha kwanza kinazaliana bila kizuizi. Mavuno yanaweza kupotea karibu yote. Ndiyo sababu marando yaliyoonekana mazuri mwaka jana yanakuangusha mwaka huu: kirusi cha kwanza kilikuwamo tayari, kikimngoja mwenzake.

Mlango ni bustani ya kiangazi. Marando huhifadhiwa bondeni penye unyevu, kipande kidogo, karibu na viazi vya zamani vilivyojiotea. Mahali hapo ndipo wadudu wote hukusanyika. Ng'oa vilivyojiotea, weka angalau mita 15 kati ya marando mapya na viazi vya zamani, na katika mwezi wa kwanza ng'oa kila mmea uliojikunyata. Kata ncha za sentimita 20 hadi 30 kutoka mimea michanga yenye afya. Usikate kutoka kwenye shamba ulilokwisha kuvuna. Mwenye uwezo apinde fito kuwa matao, afunike kwa neti yenye matundu madogo na azike kingo zake ardhini, kisha atunze humo mbegu mama chache tu. Neti isiyozikwa kingo ni kazi bure.

Nyanya zimekuwa rasta

Majani madogo yamekunjwa kwenda juu kama kijiko, kingo za manjano, mmea umebaki kichaka kifupi, maua yanadondoka. Kama majani yamejipinda na kuwa kama uzi, na mimea ya mstari mzima imefanya hivyo siku moja, shuku dawa ya magugu iliyopeperuka au bomba la kunyunyizia lililotumika kwa magugu bila kuoshwa. Rasta ya virusi huanza kwa mche mmoja hapa, mmoja pale.

Mche unaoambukizwa kitaluni hautazaa. Unaoambukizwa ukiwa tayari na matunda bado utakupa kitu. Kwa hiyo fedha zote za kinga ziweke kitaluni: neti nzito juu ya kitalu tangu siku ya kusia hadi kuhamisha, wiki 4, na kitalu kisikae upepo unapotokea nyanya za zamani. Kando ya ziwa watu humwagilia mwaka mzima, nyanya juu ya nyanya, na inzi weupe hawakosi chakula hata wiki moja. Wakulima wa bonde moja wakikubaliana kukaa miezi miwili bila nyanya wala pilipili, watapata zaidi kuliko kila mmoja akinyunyizia peke yake.

Mahindi yanakauka kutoka pembeni, magunzi matupu

Mistari myembamba myeupe iliyokatikakatika kwenye jani ni milia, inayoletwa na wadudu wadogo warukao. Panda mapema na tumia mbegu inayostahimili. Jani changa linalopauka kuanzia kitako chake, kisha kingo zikakauka na moyo ukafa, huku mvua zinanyesha na mbolea iliwekwa, ni ule ugonjwa ambao mabwana shamba huuita MLN, uliothibitishwa Kenya mwaka 2011 na kuonekana Tanzania mwaka uliofuata. Nao ni virusi viwili kwa pamoja. Pumzisha shamba kwa maharage au viazi msimu mzima, wala usiweke mtama, maana nao hubeba kimojawapo. Gunzi lililooza lisiliwe na mtu wala mfugo, kwa sababu ya kuvu wanaofuata baadaye.

Mtoto ana homa, kipimo cha malaria kimetoka hasi

Ukanda wa ziwa una malaria nyingi, kwa hiyo kupima kwanza ni sahihi. Kosa hufanyika baada ya jibu. Kipimo kikisema hapana, mtu hupewa dawa ya malaria vilevile, au huambiwa ana taifodi, kisha huongezewa antibayotiki "kwa usalama". Homa nyingi za watoto zenye mafua na kikohozi ni za virusi. Hupanda siku 2 au 3 na huisha ndani ya wiki, na mara nyingi mwingine nyumbani amekohoa kabla yake. Makamasi kugeuka kijani siku ya tatu hakumaanishi kwamba sasa ni bakteria.

Mpe vinywaji mara kwa mara, anyonye kama ananyonya, na parasetamoli kwa uzito: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, kila baada ya saa 6. Mtoto wa kilo 10 anapata miligramu 100 hadi 150. Soma chupa, kwa sababu dawa za maji hutofautiana nguvu. Aspirini asipewe mtoto mwenye mafua makali au tetekuwanga. Inaweza kumletea ugonjwa mbaya wa ini na ubongo.

Kinachobadilisha picha ni pumzi. Mfunue kifua akiwa ametulia au amelala, tazama kifua kikipanda na kushuka, hesabu dakika nzima kwa saa. Pumzi 60 au zaidi kwa mtoto chini ya miezi 2, 50 au zaidi kwa wa miezi 2 hadi 11, au 40 au zaidi kwa wa mwaka 1 hadi 5, ni dalili ya nimonia, na hapo antibayotiki ina kazi. Vivyo hivyo homa iliyoshuka kisha ikarudi juu siku ya tano: kirusi kimefungua njia na bakteria wamefuata. Asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepata degedege au aliyelegea asiamke vizuri, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana. Mchanga wa chini ya miezi 2 mwenye homa naye asisubiri.

Kwa mtu mzima mwenye homa, maumivu nyuma ya macho na viungo kuuma sana, dengi, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, iko kwenye orodha. Tumia parasetamoli, vidonge 2 vya miligramu 500, visizidi 8 kwa siku. Epuka diklofenaki, ibuprofeni na aspirini, maana zinaongeza hatari ya kutoka damu. Siku ya hatari ya dengi mara nyingi ni ile homa inaposhuka. Tumbo likiuma sana, fizi zikitoka damu au mgonjwa akianza kutapika bila kukoma wakati huo, arudi hospitali.

Vipele na macho mekundu

Homa, kikohozi, mafua na macho mekundu kwa siku 3 hivi, kisha vipele vinavyoanza nyuma ya masikio na usoni na kushuka mwilini: hiyo ni surua mpaka ithibitishwe vinginevyo. Vipele vyenye maji, vingine vibichi vingine vimekauka kwa wakati mmoja, ni tetekuwanga. Surua hupita hewani na hubaki chumbani hata mgonjwa akishatoka, kwa hiyo piga simu kituoni kabla ya kumpeleka, asikae kwenye benchi na wachanga wa kliniki.

Mwenye surua hupewa vitamini A kituoni siku mbili mfululizo: uniti 200,000 kwa aliyetimiza mwaka, 100,000 kwa wa miezi 6 hadi 11, na 50,000 kwa mdogo zaidi. Inalinda macho na inapunguza vifo. Chanjo ya surua na rubela ni miezi 9 na miezi 18, na ile ya pili ndiyo inayosahaulika. Fungua kadi leo utazame.

Mtoto anaharisha maji

Virusi vya rota ni kawaida kwa walio chini ya miaka 2, na huanza na kutapika. Pakiti moja ya ORS, chumvi ya kurudisha maji mwilini, kwenye lita 1 ya maji safi, kijiko kimoja kimoja. Akitapika ngoja dakika 10 uendelee polepole. Mchanganyiko uliopita saa 24 umwagwe. Zinki miligramu 20 kwa siku, au 10 kwa aliye chini ya miezi 6, siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma. Choo kinachotoka kwa wingi kama maji ya mchele, hasa kwa mtu mzima mwaloni au kisiwani, kishukiwe kipindupindu. Huyo ni bakteria, na upungufu wa maji unaua kwa saa chache, hivyo mnyweshe ORS mkiwa njiani.

Ameumwa na mbwa

Hapa saa ndiyo kila kitu, kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili hakuna tiba inayookoa. Osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, hata kama ni mkwaruzo. Mafuta ya taa, pilipili, chumvi na unga wa betri havina nafasi. Kisha nenda ukachanjwe siku hiyo hiyo, umalize dozi zote kwa tarehe utakazopewa. Mbwa akiwa hai afungwe aangaliwe siku 10, lakini usingoje siku hizo ndipo uanze chanjo.

Homa kali, kutapika, na damu inatoka

Marburg, homa kali ya virusi, imethibitishwa Kagera mara mbili: wilaya ya Bukoba Machi 2023, na Biharamulo Januari 2025. Huanza kama malaria: homa ya ghafla, kichwa, uchovu, kisha kutapika na kuhara, na kwa baadhi damu hutoka siku zinazofuata. Mlango wake ni majimaji ya mwili, ya mgonjwa na ya marehemu, kwa hiyo wanaoambukizwa kwanza ni wauguzaji nyumbani, wahudumu wa afya na waoshao maiti. Mgonjwa wa namna hii mwache chumba cha peke yake na mtu mmoja wa kumhudumia, asisafirishwe kwa bodaboda wala daladala, nguo na shuka zake zisifuliwe ziwani. Piga 199, namba ya bure ya Wizara ya Afya, useme homa ilianza siku gani, ametoka wapi ndani ya wiki 3 zilizopita, na nani amemgusa. Akifariki kabla hawajafika, mwili usioshwe, wasubirini.